Hewa ya Mutuini

Tulipomaliza arobaini ya mdogo wangu Zuhura, mwanawe Salim alinipigia simu akasema, "Khaleti, njoo unisaidie na vitu vya mama, mimi naogopa hata kufungua kabati." Nikaenda. Anaishi Kilimani, ghorofa ya juu, unafika upesi lifti ikikubali. Nguo tulizigawa bila matata, na vyombo pia. Kilichotukwamisha ni mashine ya kusafisha hewa, nyeupe, kimo cha pipa dogo, ambayo Salim na mkewe walimnunulia mamao ili mapafu yake yapate nafuu. Ilikuwa pembeni mwa kitanda, imefunikwa kitambaa cha pamba nzito kilichodariziwa maua mekundu, kimeshuka pande zote hadi kuziba kabisa mahali mashine inapovutia hewa. "Alikuwa anaifunika hivi hivi ikiwa imewashwa," Salim akaniambia. "Tukikitoa, anarudisha. Tulimgombeza, tukamwambia mama, hii kitu haifanyi kazi ukiifunika. Anacheka tu. Khaleti, mama alikuwa amechanganyikiwa?" Nikakaa kitandani. Aliyechanganyikiwa, kusema kweli, ni mimi, na si tangu siku hiyo. Ni tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Mwaka wenyewe siushiki vizuri. Nasema sabini na mbili, kisha nakumbuka kitu kingine nasema hapana, ni sabini na tatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua kupiga taipu na kujibu simu, na nikapata kazi kwa Daktari Mutua, Mkamba mmoja mrefu, mwalimu wa kemia, aliyekuwa akichunguza hewa ya Nairobi. Hakuwa daktari wa sindano, jambo ambalo Bibi yetu hakulikubali mpaka anaingia kaburini. Kila Daktari alipopita dukani kwetu Bibi alimwonyesha goti. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha juu kabisa katika jengo moja katikati ya mji, chenye sinki, meza mbili na birika lililoungua tako. Juu ya paa palikuwa na kasha la mbao, na ndani ya kasha pampu iliyonguruma kutwa kucha, ikivuta hewa kupitia kikaratasi cheupe cha duara, ukubwa wa mdomo wa bilauri. Kila Jumatatu nilikitoa hicho kikaratasi nikaweka kingine. Kiliingia cheupe, kikatoka kama kimepangusiwa sufuria. Mara ya kwanza nilidhani nimekiharibu. "Hujaharibu kitu, Bi Mwanaisha," Daktari akasema, "hiyo ndiyo uliyoivuta wewe wiki nzima." Nilikwenda sinki nikasukutua. Lo, hata leo sijui nilisukutua nini, maana hewa haikai mdomoni.

Kasha la pili lilikuwa Mutuini, huko Dagoretti, wakati huo mashamba matupu, migomba na ng'ombe na nyumba za mabati zimeachana. Daktari alitaka kulinganisha mji na shamba. Tarishi wa ofisini kwetu, Mzee Kioko, alikuwa amepanga nyumba huko pamoja na mkewe Mama Nduku, na wakakubali kasha liwekwe uani kwao, likiendeshwa na betri ya gari. Jumatatu, nikishatoa cha mjini, Daktari alinipeleka Mutuini kwa Pijo yake, gari kuukuu lililotoa moshi mweusi kiasi cha watu wa Waithaka kufunga madirisha tukipita. Nilimwuliza, "Daktari, sasa huu wetu nao unahesabiwa?" Akasema tusiutaje.

Mama Nduku alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye mikono isiyokaa bure. Alidarizi. Ungeingia sebuleni kwake ungedhani umeingia duka: kitambaa kwenye kila kiti, kitambaa juu ya redio, kitambaa juu ya cherehani, hata mtungi wa maji ulivaa. Wanawake wa kanisani kwake walimwagizia vitambaa vya harusi. Kwake yeye kitu cha thamani kikikaa uchi ni aibu kwa mwenye nyumba. Tulimkuta kila Jumatatu ameshafagia ua, vitambaa vimefuliwa, vimeanikwa kwenye kamba, na sisi tumetengewa chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambayo Daktari aliyala huku amefumba macho kwa kukumbuka kwao. Nami nikitoa kikaratasi cha pale kilikuwa cheupe. Si cheupe kama maziwa, la, lakini ukikilinganisha na cha mjini unamsikitikia mtu wa mjini. Daktari alifurahi sana. Ndivyo alivyotazamia: mji mchafu, shamba safi. Sote ndivyo tulivyotazamia, basi nani angeuliza?

Sasa nyumbani kwetu palikuwa na Zuhura. Tulikaa nyuma ya duka la Baba, karibu na River Road, duka la viungo na ubani, na Zuhura alikuwa na pumu. Mtoto wa miaka kama kumi, mwembamba, macho makubwa, anapumua kama mlango usiotiwa mafuta. Akikimbia anazuiwa. Akicheka sana anazuiwa. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na ya Bibi ilikuwa kumfukiza: anamfunika shuka, anamwekea chetezo chenye ubani chini, mtoto anakohoa hadi anageuka rangi, na Bibi anasema, "Mnaona? Unatoka huo ugonjwa!" Nje malori yanashusha mizigo bila kuzima injini, ndani bizari inasagwa, na katikati Zuhura amekaa kwenye mkeka akisikiliza watoto wengine wakicheza ngazini. Nikimkumbuka mtoto wa mwaka ule, hivyo ndivyo alivyo: amekaa, amegeuza shingo, anasikiliza.

Siku moja Daktari alipita dukani na bahasha yake ya kazi, na Baba, mtu mdadisi, akamwomba amwonyeshe hizo karatasi ninazozungumzia kila siku. Daktari akaziweka mbili mezani, kando ya mizani. Ya mjini nyeusi, ya Mutuini nyeupe. Baba alizitazama muda mrefu. Akaigusa nyeusi, akatazama kidole chake, akamtazama Zuhura. "Hii ndiyo inayoingia kifuani kwa mwanangu?" Daktari akasema, "Sehemu yake, Mzee." Baba akaigusa nyeupe. Kidole kikabaki safi. Jioni tukila wali na mbaazi, akasema Zuhura atahamia Mutuini, tayari ameshazungumza na Mzee Kioko. Bibi aliweka tonge chini. "Mtoto wa Kiislamu akakae kwa Wakamba? Ale nini? Aswali wapi?" Baba akasema ataswali uani, Mungu anaona mpaka Mutuini, na Mama Nduku ameshanunua sufuria mpya ya mtoto peke yake. "Hewa safi, mama. Nimeiona kwa macho yangu."

Zuhura alihama baada ya Idd. Sikuwahi kumwona mtu akibadilika vile. Jumatatu ya kwanza nilimkuta amekaa mlangoni, ameshika mkono wa Nduku, binti wa nyumba, wa rika lake. Jumatatu chache baadaye sikumkuta kabisa. Nilimwita, akajibu kutoka juu ya mti wa mpeasi. Wallahi nilitaka kupiga kelele. Mama Nduku akanishika mkono. "Wachana na yeye. Akianguka ataanguka kwa nyasi." Alikuwa amenenepa mashavu, anajua matusi mawili ya Kikamba, anasukuma ng'ombe wa jirani matakoni. Na bado alikuwa anakohoa. Hilo ndilo lililonivuruga. Anakimbia, anasimama, anakohoa amejikunja, anapangusa mdomo, anakimbia tena. Nilimwambia Daktari, naye akakitazama kikaratasi cheupe cha siku hiyo, akasema labda ni uchafu wa mji unaomtoka taratibu. Nilijiona kama namsikia Bibi.

Ofisini nako kulikuwa na vurugu yake. Alikuja mgeni, mtaalamu kutoka ng'ambo, akakaa na Daktari mchana kutwa mimi nikiwachemshia chai na kusikiliza. Mgeni alisema moshi unaoongezeka duniani utazuia jua, dunia itapoa, hata barafu itashuka milimani. Daktari alisema hapana, iko hewa ya ukaa, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye kila kitu kinachoungua, na hiyo hukamata joto lisitoke, basi dunia itapata joto. Wakachora, wakafuta, wakachora. "Vyote vinatoka moto mmoja?" nikauliza nikimimina chai. Ndiyo, wakasema, vinatoka moto mmoja. "Kimoja kinapoza na kingine kinapasha?" Ndiyo. "Na nani atashinda?" Mgeni akasema hatujui. Daktari akasema anadhani anajua ila hawezi kuthibitisha. "Basi niambieni, ninunue sweta au nisinunue?" Walicheka hadi wakamwaga chai, lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa nikidhani watu waliosoma kiasi kile wana jibu limekaa kwenye droo.

Basi baridi ya Julai ikaingia, ile ya Nairobi inayokaa mifupani, jua halionekani wiki nzima. Asubuhi moja, siku ya katikati ya wiki, Mzee Kioko alifika ofisini bila kofia. Hakuamkia. "Mtoto amelemewa," akasema. Daktari alikuwa ameshachukua funguo kabla sijasimama. Njia nzima nilijiambia ni baridi tu. Tulipovuka Waithaka tukaanza kuteremkia Mutuini, nikaiona kwa mara ya kwanza. Sisi tulikuwa tukifika Jumatatu karibu na saa sita, kumeshapata joto na upepo umepita. Asubuhi ile hapakuwa na upepo. Moshi wa kila jiko la kila nyumba ulikuwa umelala bondeni, wa kijivu, haupandi, umetandaza tu, na mabati yanachungulia juu yake. Daktari alipunguza mwendo. "Hewa baridi iko chini, ya joto iko juu," akasema polepole, kama mtu anayejisomea. "Imefunikwa kama sufuria." Nikamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkubwa wangu, "Endesha gari!"

Tuliingia uani na mimi nikaruka kabla gari halijasimama. Nikakimbia kuelekea nyumba, nikapita kwenye kasha, nikasimama. Hata leo sijui kwa nini nilisimama, mdogo wangu yuko ndani. Kasha lilikuwa limevaa kitambaa. Kitambaa cheupe cha pamba nzito, chenye maua mekundu na bitana chini, kimefungwa vizuri pembe zote, na pale mbele, mahali pampu inapovuta, palikuwa na duara jeusi ti, ukubwa wa mdomo wa bilauri.

Ndani, Mama Nduku alikuwa amempakata Zuhura. Aliona mtoto anatetemeka, akafanya ambalo mama yeyote angefanya: alileta jiko la makaa chumbani, akaziba dirisha kwa gunia baridi isiingie. Palikuwa na joto kama jikoni kwa mwoka mikate. Zuhura midomo imegeuka rangi, kifua kinapanda na kushuka na hakuna kinachoingia. Daktari alilivuta lile gunia akalitupa, mimi nikambeba mtoto nje, na Mama Nduku akanifuata akilia, "Nimemchunga! Mungu anaona, nimemchunga kama wangu!" Hospitalini walimpa hewa ya mtungi na sindano. Daktari wa huko, wa kweli huyu, alituambia tungechelewa kidogo tungemzika. Baba alifika na kanzu ya dukani ina bizari, akakaa kwenye benchi.

Zuhura alipokuwa amepata nafuu tulirudi Mutuini kuchukua nguo zake, na Daktari akamwuliza Mama Nduku kuhusu kitambaa, kwa upole, maana alimheshimu kama dada yake. Mama Nduku alishangaa kuulizwa. "Sasa ningeacha mashine ya serikali ikae hivyo inanyeshewa na kuku wanapanda juu? Nilishonea yake siku ile mliileta. Tena hiyo kitambaa inashika uchafu, wacha tu! Kila Jumapili nikitoka kanisa nafua, maji inakuwa nyeusi, nafua tena. Nyinyi mkikuja Jumatatu iko kwa kamba inakauka, mnakuta kitu yenu ni safi." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani nimekosea wapi?" Ile kamba! Nilikuwa nimepita chini ya kile kitambaa kila Jumatatu, nikakisogeza kwa mkono nikitafuta njia. Uchafu wote wa Mutuini ulikuwa umefuliwa na Mama Nduku kwa sabuni ya kipande, kwa heshima yetu, kabla hatujafika. Hakumkosea mtu. Ndiyo maana nilishindwa kukasirika, na hasira isiyo na pa kwenda ni mbaya kuliko ugonjwa.

Daktari alikuja kumtaka radhi Baba mwenyewe, dukani, mchana. Nilikuwa nyuma ya pazia na Bibi, tunasikiliza wazi wazi. Alieleza kitambaa, alieleza bonde na moshi, alieleza kwamba bila kile kitambaa karatasi ya Mutuini asubuhi za baridi hutoka nyeusi kuliko ya mjini, maana alikuwa ameshapima upya. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, Daktari. Hapa malori. Kule majiko. Ukiwasha ubani, moshi. Ukizima jiko, baridi inamwua. Basi niambie wewe uliyesoma: nimpeleke wapi?" Nilisikia mizani ikigonga kwa upepo wa mlangoni. Nilisubiri lile jibu kwa mwili mzima, hata Bibi aliacha kutafuna tambuu. Daktari akasema, "Sijui, Mzee." Akanywa kahawa yake akaenda zake. Mwaka huo haukwisha kabla mradi haujafungwa, makasha yakapelekwa sijui wapi, nami nikapata kazi ya taipu kwa wakili. Daktari alifariki zamani. Ile hewa yake ya ukaa imeshinda, naona, maana Julai zetu siku hizi si za sweta. Ila siku ile mezani hakuna aliyekuwa na hakika, na mimi nimeishi na ile "sijui" zaidi kuliko na jambo lolote walilonifunza shuleni.

Zuhura alirudi mjini, kwenye mkeka wake. Baba akapiga marufuku ubani nyumbani, Bibi akanuna hadi Ramadhani. Mama Nduku alikuja kumwona akiwa na kikapu cha mapeasi, na kitambaa kipya, mfano wa kile kile, maua yale yale, akamwekea mapajani. Walishikana mikono tu, yule mnene na yule mwembamba, mpaka Mzee Kioko akasema basi litawaacha.

Haya yote nilimweleza Salim pale kitandani, kwa kurukaruka, nikirudi nyuma kila nikikumbuka kitu. Yeye ni mhasibu, anapenda jambo liishe. Alikishika kitambaa, akakigeuza upande wa bitana, akaona alama ya kijivu pale mashine ilipovuta.

"Kwa hiyo hewa ya Mutuini ilikuwa mbaya," akasema.

"Mbaya sana. Ilimharibia kifua maisha yake yote. Nusura imwue."

"Na yeye alikuwa anajua?"

"Alijua kunishinda mimi. Baba alimweleza, Daktari alimweleza, mimi nimemweleza mara ngapi."

"Na hakuwahi kutaka kurudi tena huko?"

Nilikichukua kitambaa mikononi mwake, nikakirudisha juu ya mashine, nikazinyoosha pembe kama alivyokuwa akizinyoosha Mama Nduku.

"Kila Jumamosi," nikamwambia. "Alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka, anakaa mlangoni, anamsubiri Baba akubali."